Raketi Iliyopakwa Siagi

Laurence alishuka mujini Sake siku ya soko akiwa amechoka mbele ya jua kuchoka. Mugongoni alibeba kitunga cha fromaji, ile jibini ya kwao, na kando yake alitembea Mama Vestine, mulimaji wa maharagi, rafiki yake tangu wote wawili walipoolewa kwenye mulima uleule. Raketi ya Laurence, ile ya mti aliyoachiwa na sista mumoja wa parokia, ilikuwa imepasuka kama kuni. Na bila raketi, siku ya Mungu inakuwa siku kama zingine.

Nyuma ya parokia yao kuna kiwanja cha udongo ambacho wazungu wa shamba la zamani walikiacha. Mbuzi wanalala pale, na wavu ni ule wa samaki, wa ziwani. Kila siku ya Mungu, kisha misa, wale mama wawili wanafukuza mbuzi na kucheza tenisi. Zamani watu walicheka, halafu wakazoea. Kwa Laurence ile ndiyo ilikuwa saa peke yake ambayo hakuna muntu alimwita. Nyumba yake ilijaa ndugu waliokimbia vita, maji yalikuwa mbali, ng'ombe walibaki wachache, na mukono wake wa kuume, wa kusukasuka kibuyu cha maziwa, ulikuwa unamuuma kwenye kiwiko kama jino.

Athanase, mwenye kuuza vitu vya Ulaya vilivyotumika, alikuwa ametandika raketi mbili juu ya bashi, turubai lake la sokoni. Yeye alichezaka tenisi Goma zamani, mbele ya mguu wake kuvunjika.

"Mama, weye unachezaka namna gani?" akauliza.

"Nachezaka kwa kupiga," Laurence akajibu.

Vestine akachekea puani. "Kupiga nani? Miye njo nasimamaka mbele yako. Haupigake tena, unarudishaka tu."

"Unajua nini? Weye unacheza sawa muntu anafukuza kuku mu maharagi."

"Na kuku wanakimbiaka."

Athanase akainua ya kwanza. "Hii nyembamba iko nzito ku kichwa, na kamba zake zimekazwa. Inataka mukono wenye nguvu, muntu wa kufika mapema ku mupira. Hii ya uso mupana iko nyepesi. Inamusaidia mwenye kungoja, na haiumizi sana."

"Ile pana iko sawa chekeche ya unga," Laurence akasema. "Iko ya wazee."

"Na sisi tuko nani?" Vestine akauliza.

Laurence akachukua ile nyembamba. Alifanya vile kwao wanachagua fimbo ya kuchunga: unaishika katikati, unaangalia inaangukia wapi. Ikiangukia kichwani, ni fimbo ya kweli. Ikiangukia mukiani, ni ya kuchezea watoto. Ile nyembamba iliangukia kichwani. Akampa Athanase fromaji, akachukua fimbo yake, akapanda mulima.

Siku ya Mungu walicheza. Wana desturi yao: anayekosa mupira anategewa kitendawili, na mupira hauendi tena mpaka ajibu ao akubali kushindwa. Siku ile Laurence alitegewa sana. Kila mupira ulioingia kwenye kamba zile ngumu ulipita moja kwa moja mpaka kwenye kiwiko, na kichwa cha raketi kilifika kikichelewa, kama mugeni wa arusi ambaye anakuta sahani tupu.

"Sakwe sakwe," Vestine akaita, vile Laurence mwenyewe alimufundisha: ule mwito wa vitendawili vya kwao, unaoitikiwa 'soma'.

"Soma."

"Nyumba yangu iko madirisha tupu, na mugeni akigonga haingie."

"Raketi," Laurence akasema, akishika kiwiko. "Hiyo hata mbuzi wanaijua."

Mangaribi yake hakuweza kushika kibuyu. Aliweka mikono, akasukuma mara chache, akaacha. Sebagabo, mume wake, akakichukua. Kwao kusukasuka maziwa ni kazi ya wanawake, na mwanaume akiketi na kibuyu kwenye magoti majirani wanapata habari. Akakisukasuka vibaya, kwa nguvu, kama muntu anayegombana na mulango. Siagi haikushika.

"Nitaacha ile tenisi," Laurence akasema.

Sebagabo akatazama moto. "Na siku ya Mungu utafanya nini?"

"Nitapumzika."

"Mu hii nyumba?"

Watoto wa ndugu walikuwa wanalia nyuma ya ukuta. 

Ile juma Laurence hakuigusa raketi, hata hakuitafuta. Siku ya Mungu ilipofika alimuuliza Sebagabo iko wapi, maana alitaka kumupa Vestine aiuze. Sebagabo akainuka polepole, akaingia jikoni, akaishusha kutoka juu ya moshi, pale fimbo zake mwenyewe zinakauka.

"Fimbo mupya inauma mukono," akasema. "Inataka moshi, inataka siagi. Nimeipaka kila mangaribi. Cheza nayo leo. Ikikuuma tena, njo uache."

Raketi ilikuwa nyeusi, inang'aa kama fimbo ya muzee wa ng'ombe. Laurence aliangalia uso wa mume wake, akakosa namna ya kukataa. Siagi ile ilitoka ku kidogo kilichobaki.

Mupira wa kwanza alioupiga haukufika popote. Mushikio uliteleza, raketi ikaruka juu ya wavu, ikazunguka hewani, ikaanguka miguuni pa Vestine. Vestine akaiokota. Akainusa. Akagusa kamba: zilikuwa zimelegea kwa moto kama wavu wa kitanda.

"Umenitumia chakula," akasema.

Laurence akaketi chini kwenye udongo. Akacheka, halafu kicheko kikageuka, akafuta macho kwa kitenge. Vestine akaja kuketi kando yake. Mbuzi wakaanza kurudi.

"Sakwe sakwe," Vestine akasema kwa sauti ndogo.

"Niache."

"Sakwe sakwe, mama."

"Soma."

"Ninamubeba kila siku, hashuke, na kila mwaka anazidi uzito."

Laurence aliujua usemi ule. Nyanya yake aliusemaka. Lakini alichukua raketi yake akaenda nyumbani, na mupira haukuenda tena siku ile.

Siku ya soko akashuka tena Sake, peke yake, na fromaji ingine. Athanase akapokea raketi, akaivuta puani.

"Mama, hii raketi imepita ku mafiga?"

"Mume wangu aliitunza."

"Anakupenda vibaya." Akatikisa kichwa, akacheka kidogo. "Moto umelegeza kamba. Nitafunga zingine. Sasa niambie tena. Unachezaka namna gani?"

Laurence akaangalia barabara, pikipiki zikipita na mizigo, watu wakipita na magodoro kichwani.

"Nasimamaka nyuma," akasema. "Nangoja. Mupira ukikuja narudisha. Sina tena nguvu ya kumaliza muntu. Na mukono iko inachoka."

"Si ungesema vile tangu mwanzo."

Akamupa ile pana. Safari hii Laurence hakuipima kama fimbo. Alifunga macho, akaisukasuka mbele na nyuma, pole, kama kibuyu. Kila mwanamuke wa maziwa anajua: hausukumi. Unaanzisha, halafu uzito wenyewe unaenda na kurudi, weye unaufuata tu. Raketi ilienda, ikarudi. Kiwiko hakikusema kitu.

"Kamba usizikaze sana," akasema, akaweka fromaji juu ya bashi.

Siku ya Mungu mupira uliondoka kwa Vestine, ukarudi. Ukaondoka, ukarudi. Hakuna aliyepiga kitu cha kusimulia. Udongo ulikuwa na maji, jua lilikuwa dogo, na Laurence alisimama nyuma kabisa akisukasuka, mpaka Vestine akashika kiuno na kuacha mupira upite.

"Leo hauna huruma," Vestine akasema, akipumua. "Haya, tega."

"Sina kipya. Nikulipe kile chako." Laurence akaegemea raketi yake ya chekeche. "Uzee."

"Umechelewa kujibu."

"Nimechelewa."

Mangaribi akaketi na kibuyu kwenye magoti. Kiwiko kiliuma, lakini uchungu mudogo, wa kuongea nao. Sebagabo alikuwa ameshika raketi mulangoni, akiigeuzageuza, akitazama jikoni.

"Baba," Laurence akasema bila kuinua kichwa, "itundike pale penye vyombo vya maziwa. Moshi haufikake pale."

Akaitundika. Kibuyu kikaenda, kikarudi, na ndani yake siagi ikaanza kushika.