Mgeni Asiyeondoka

Kila jioni, kabla wageni hawajapanda, Bunruen hupanga vikombe katika ukumbi wa wageni wa heshima, ghorofa ya juu ya hoteli moja kando ya mto, Bangkok. Hukata jibini, huosha zabibu, hupasha moto tambi za wale wasioweza pilipili. Kisha huweka wali wa kunata na soda nyekundu yenye mrija chini ya nguzo ya dirishani, na kuigonga nguzo kwa vidole, taratibu, jinsi watu wa kwao Surin wanavyogonga jeneza kumwita marehemu ale.

"Pi Yoi, njoo ule."

Mumewe, Thongyoi, anayemwita Pi, yaani kaka, kwa heshima, hutoka ndani ya nguzo, hukung'uta saruji mabegani na kuketi.

Alikuwa fundi chuma. Alitumbukia katika nguzo hiyo siku ya kumimina zege, na kazi haikusimamishwa. Kampuni yenye hoteli ilisema hakuripoti kazini siku hiyo. Pengine ametoroka na mwanamke, mafundi chuma wanajulikana. Maneno hayo yalimkaa Bunruen kooni kama mwiba wa samaki. Hoteli ilipofunguliwa akaomba kazi humo humo, na alitaka jambo moja tu: mtawa wa Kibudha aje pale nguzoni na uzi mweupe na udi, amwite Thongyoi kwa jina, amwambie twende nyumbani. Aliyekufa vile haondoki mpaka aitwe pale pale alipofia. Hoteli ikakataa. Mtawa wa nini, mahali ambapo hakufa mtu?

Basi akawa anamwita kula tu. Hapo ndipo alipoteleza, masikini, maana anayeitwa kula kila siku na haitwi nyumbani hugeuka mgeni wa hapo. Kompyuta ya mapokezi ikaanza kumhesabu: mteja ambaye hajawahi kulala kwingine tangu jengo halina madirisha! Ikampa uanachama, ikampandisha daraja, ikampandisha tena mpaka madaraja yakaisha. Jioni moja kadi nyeusi ilikutwa mezani pake. Kampuni iliyoshindwa kuliandika jina lake popote sasa ilikuwa imelichapa kwa dhahabu, bila kosa la herufi.

Wageni wengine walimzoea. Mfanyabiashara mmoja wa Singapore alilalamikia vumbi, naye akahamishwa meza, kwa kuwa daraja lake lilikuwa la chini.

Mfanyakazi haruhusiwi kuketi na mgeni, kwa hiyo Bunruen alisimama na birika huku mumewe akila.

"Keti basi, Ruen."

"Niketi nifukuzwe? Wewe bosi siku hizi, mimi bado mtumwa."

"Zamani nilinyimwa hata choo cha humu. Leo naletewa kitambaa cha moto nipanguse uso." Thongyoi alicheka, saruji ikamdondoka mdomoni. "Mama hajambo?"

"Hajambo wapi! Amelala, hali chakula. Anauliza utarudi lini. Anasema hatatulia popote mpaka akuone umefika nyumbani."

"Nipeleke."

"Si nilijaribu? Tulipofika kwenye lifti nilibaki nimeshika vumbi."

Thongyoi akanyonya soda mpaka mrija ukalia. Bunruen akaenda kwa meneja, Khun Pimlada, Khun likiwa neno la heshima kama Bwana au Bibi, akamwamkia kwa viganja vilivyoungana.

"Khun Pimlada, mume wangu anataka kurudi kwao."

"Khun Thongyoi ana malalamiko?"

"Hana. Anataka kuondoka tu."

"Mgeni yeyote anaondoka anapotaka, dada. Afike tu mapokezi."

"Hawezi kufika. Mpaka mtawa amwite pale alipoangukia."

"Hapa hakuanguka mtu," alisema meneja kwa upole. Akageukia dirishani, akaunganisha viganja na kuinama. Thongyoi akamwinamia pia.

"Na yule ni nani?" aliuliza Bunruen.

"Yule ni mgeni wetu mkubwa kuliko wote."

Khun Pimlada hakuwa mtu mbaya. Alipeleka suala hilo kwa wakubwa, na jibu likaja haraka. Nguzo ilizungushiwa ukuta wa marumaru, ikawa sehemu ya chumba kikubwa chenye sebule yake na bafu linalotazama mto, na chumba hicho akapewa Thongyoi. Bunruen akafanywa mhudumu wake peke yake. Tena, mwenye chumba hicho alikuwa na haki ya kukaa na mwenzake mmoja bure. Usiku ule Bunruen alilia kwa hasira, kisha akaamka kwenda kazini.

Mama yake Thongyoi akafa msimu wa mvua. Watawa walimsomea vizuri, wakamwonyesha njia, naye akaishika mpaka ilipogawanyika. Hapo akafuata ya Bangkok. Alifika mapokezi jioni, maua ya mazishi yakiwa bado mkononi, akataja jina la mwanawe. Wakampa kinywaji cha mchaichai, wakambebea maua, wakampandisha juu na kumwandika: mwenza wa mgeni.

"Yoi, mwanangu, umekonda," alisema, akambusu shavu lenye saruji. Kisha akamtazama mkwewe. "Nimekuja kumchukua. Tunaondoka lini?"

Bunruen akachukua birika la chai. Khun Pimlada akaingia na sahani ya matunda, akawatazama mama na mwana wameketi pamoja, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Unaona, dada?" alimnong'oneza Bunruen. "Sasa hana tena cha kurudia kule."

Mama mkwe akasogea kwenye kochi, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Njoo ukae, mwanangu."

"Nafasi ya mwenzake ni ya mtu mmoja tu, Mama," alisema Bunruen, akawamiminia chai.