Safari ya Theluji Tuliyoipanga Barazani

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuipanga safari mpaka ukaijua nyumba utakayofikia, mlango wake na ngazi zake, kabla hujatoka hata barazani kwako? Mimi nimewahi. Nilikuwa hapa hapa Magomeni ya Mtwara, nasuka mkeka, na safari yenyewe ilikuwa ya Uswisi.

Binti yangu Shamimu ameolewa huko. Mumewe alikuja Mtwara na kazi za gesi, akasilimu, akaposa kwa adabu, tukampa mke. Mwaka jana wakapata mtoto, bado hajasimama. Basi siku moja Shamimu akapiga simu: "Mama, kipindi cha baridi tunakwenda mapumziko, kijiji kimoja cha milimani. Safari hii na wewe utakuja." Kisha akatuma picha.

Nilizikazia macho picha zile. Nyumba za mbao tupu, mbao zimekuwa nyeusi kwa uzee, na kuni zimepangwa ukutani kwa usafi kama magunia ya korosho ghalani. Theluji imelala juu ya mapaa, nene kama godoro la sufi. Na watu wamefunga mbao mbili nyembamba miguuni, wanashuka mlima wakiteleza. Wazee wenye mvi nao wamo.

Hao wazee ndio walioniteka. Mimi nimezaliwa Kitaya, kando ya mto Ruvuma. Utotoni, mvua ikishanyesha, tulikalia makarara ya minazi, yale maganda makavu ya maua yake, tukateleza kwenye udongo wa ukingo hadi karibu na maji, mpaka siku mama alipoona mamba, akatuchapa wote. Tangu hapo sijateleza. Nikasema moyoni, Mungu akinijalia nitateleza huko, hata kipande kidogo. Sikumwambia mtu. Mtu mzima mwenye wajukuu, neno kama hilo unalianzia wapi?

Mdogo wangu Subira, ninayeishi naye tangu afiwe na mumewe, ndiye niliyepanga naye. Tukishaswali alasiri tunakaa barazani, simu katikati yetu, sufuria ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, pembeni.

"Utarudi umeganda kama changu wa kwenye jokofu," alinitania.

"Nikiganda utanichemsha."

"Nikuchemshe na mifupa hiyo? Nitakupeleka bandarini, wenye meli wakununue."

Aliuliza mambo kuliko mimi. Hiyo theluji ina harufu? Mtu anatawadhaje kwenye baridi ile? Nyama ya halali wanaipata wapi kijiji kizima cha makanisa? Alinichagulia sweta la sufu kwenye mitumba, akalishonea vifungo vilivyokatika. Pasipoti yangu ilipotoka aliishika muda mrefu, akaifuta kwa ncha ya kanga, ndipo akanirudishia.

Siku moja Shamimu akaandika kwamba wanaagiza viatu vya kutelezea mapema, maana watu wakijaa kijijini vinagombaniwa. Sikungoja kuulizwa. Nikakanyaga karatasi, na Subira mwenyewe akapiga magoti, akauzungushia mguu wangu penseli. Kidole changu cha mwisho kimepinda; akakifuata taratibu, asikikosee. Tukaweka rula pembeni, tukapiga picha, tukatuma.

Shamimu akapiga papo hapo.

"Mama, huu mguu ni wa nini?"

"Wa viatu vya theluji."

"Mama, si wewe utabaki ndani na mtoto, sisi tukipanda mlimani? Mama mdogo hajakwambia?"

"Aniambie nini?"

"Nilimpa maneno hayo tangu mwanzo. Nilimwomba akueleze polepole, ili kama hutaki useme mapema."

Kwetu mtoto akiwa na neno zito kwa mama yake, hamkabili nalo usoni. Hulipitishia kwa mama mdogo, naye hulileta likiwa limepoa. Kwa hilo Shamimu alifuata njia. Lakini liliniuma, kualikwa kama mgeni kumbe ninaitwa yaya. Nikamwambia tutazungumza baadaye, nikakata simu.

Subira alikuwa bado yupo chini, penseli mkononi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua, dada."

"Hata siku ya sweta?"

"Hata siku ya sweta."

"Na sasa hivi umenichora mguu."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja.

"Shamimu yuko mbali, haoni uso wangu. Wewe tunakula sahani moja. Ukanitazama kila siku nafurahi kama mwehu, ukanicheka kimoyomoyo."

"Sikukucheka."

"Ulikuwa unangoja nini basi? Nikaaibike huko huko mbele ya wakwe?"

Akajiinua, akapangusa magoti, akakaa ukingoni mwa baraza akinipa ubavu.

"Nilingoja uyasikie kwa Shamimu mwenyewe," akasema. "Ningekwambia mimi ungenuna, halafu ungekwenda. Wewe mtoto wako humkatalii kitu. Lakini ukiumbuka kwake, nilijua utakataa."

"Na nikikataa, wewe unapata nini?"

Alikuwa akiizungusha ile penseli vidoleni. Nilidhani hatasema, maana Subira tangu nimjue hajawahi kuomba kitu. Ukimpa anashukuru, usipompa ananyamaza.

"Wangeniita mimi," akasema. "Nilitaka kwenda mimi, dada. Hata huo uyaya. Nikae dirishani na mtoto, niione theluji ikianguka. Nilitaka, na hakuna aliyeniuliza."