Filimbi ya Mfuniko wa Kalamu

Niseme mapema: mimi na watoto ndani ya studio hatuivi chungu kimoja. Mtoto atagusa. Ukimwambia asiguse, atakuuliza kwa nini, na wakati unamjibu anagusa kwa mkono mwingine. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia kwamba mwezi mzima, kila siku baada ya shule, ningerekodi albamu ya bendi ya watoto wanne, nilimuuliza nimemkosea nini.

Hakucheka. Dada yangu amenizidi miaka minne. Yeye ndiye mwenye studio kwa upande wa funguo na mikataba. Mimi ndiye mwenye studio kwa upande wa kiti. Kile kiti cha magurudumu mbele ya meza ya mitambo nimekikalia miaka thelathini na mmoja, na ngozi yake imechakaa kufuata umbo langu. Siku hiyo alisimama nyuma yangu akipangapanga nyaya ambazo hazikuhitaji kupangwa, akaniambia kwamba ile kwaya tuliyoirekodi mara ya mwisho imerudisha kazi. Wanasema kuna "sss" tangu mwanzo hadi mwisho, utadhani tairi linatoa upepo. Akasema hii kazi ya watoto ndiyo itakayonipima. Ikirudi na hii, kiti atakikalia mkwe wake, yule kijana aliyemwoa binti yake, anayejua kompyuta.

Nikamwambia sikio langu halijawahi kunidanganya. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia, maana ile "sss" mimi sikuisikia. Alipoondoka niliisikiliza tena mara tatu, nimetega sikio hadi shingo ikaniuma, nikaambulia kwaya tu. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikusikia hata ugonjwa.

Bendi yenyewe inaitwa Kelele Ruksa, na wanapiga roki, si mchezo. Dramu anapiga Tetemeko, ana miaka minane, miguu haifiki chini, kwa hiyo amefunga kipande cha mbao juu ya kanyagio la ngoma kubwa. Gitaa anapiga Mrefu, ambaye si mrefu. Besi anapiga mtoto mmoja mwenye sura ya mtu mzima aliyejaa mawazo. Wanamwita Mzee, na haongei. Na mbele yao yupo Kibiriti, binti wa miaka kumi, mwimbaji, mtunzi na, kwa maelezo yake mwenyewe, mkurugenzi. Mimi waliniita Babu Waya siku ya kwanza, bila kuniomba ruhusa.

Albamu nzima ni ya ubunifu. Wimbo wa kwanza unawalaumu watu wa zamani kwa kubuni kila kitu kizuri, kifungo, mwavuli, kitasa, ngazi, na kiitikio chake ni "Mbona hamkutusubiri?" Wa pili ni wa mtu aliyebuni mashine ya kutandika kitanda, halafu kuiwasha hiyo mashine kunachukua muda kuliko kutandika. Nyimbo ni nzuri, mimi si mtu wa kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku ya tatu nilijikuta napigapiga mguu sakafuni, nikajikaripia mwenyewe.

Kisha tukafika kwenye wimbo wa saba, "Kata Tena".

Wimbo huu Kibiriti hauimbi tu, anatengeneza kitu humo humo ndani ya wimbo. Anachukua mfuniko wa kalamu, anaubana chini ya mdomo, anapuliza: filimbi. Ubeti ukiisha wenzake wanaitikia "Kata tena!", naye anaukata kwa mkasi. Mfuniko unakuwa mfupi, sauti inapanda. "Kata tena!" Inapanda zaidi. Ubeti wa nne mfuniko umebaki mdogo kama punje ya mahindi, vyombo vyote vinanyamaza, na filimbi inalia peke yake kwa mapigo manane. Kila tukirudia kurekodi unahitajika mfuniko mpya. Nilisikia kwamba darasani kwao kalamu zote zilibaki vichwa wazi, na mwalimu alikuwa ameshaanza uchunguzi.

Tulipourekodi mara ya kwanza nilikuwa nimeinamia daftari langu naandika. Ubeti wa kwanza, filimbi. Wa pili, filimbi. Wa tatu, filimbi nyembamba, ya mbali. Wa nne, vyombo vikanyamaza, na pakawa kimya. Kimya kizuri cha mapigo manane, halafu dramu na magitaa vikaporomoka kwa pamoja. Nilisisimka hadi kwenye unyayo. Nikabonyeza kitufe cha kuongea nao upande wa pili wa kioo, nikawasifu kwa moyo mmoja. Nikawaambia wanamuziki wengi wazima hawajui kunyamaza, lakini wao pale mwishoni wamenyamaza kikubwa.

Wakaangaliana. Tetemeko akacheka, Mrefu akamkanyaga mguu. Kibiriti hakucheka. Alinitazama kupitia kioo kwa muda, kisha akaomba warudie.

Safari hii niliangalia mishale. Kila maikrofoni ina mshale wake pale mezani, sauti ikipanda nao unapanda. Kwa mapigo yote manane mshale wa Kibiriti ulisimama wima, unatetemeka, na masikioni mwangu hapakuwa na kitu.

Jasho likanitoka, na kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Niliogopa, sitaficha. Miaka thelathini na mmoja ya spika na ngoma, kumbe masikio yalikuwa yanaondoka kidogo kidogo bila hata kuaga. Ningekwenda wapi mimi? Sina ufundi mwingine. Hata yai sijui kulikaanga bila kuliunguza.

Basi nikajitia hamnazo. Nikaanza kufanya kazi kwa macho. Mshale ukipanda, natikisa kichwa, ukilala, naacha. Kwenye yale mapigo manane nikajifunza kuhesabu kimoyomoyo na kutabasamu kwenye la tano, kama mtu aliyekolewa na muziki. Hila ile ilinifikisha siku nne. Tatizo likaja kwenye kuchanganya sauti, maana kuchanganya ni kuamua kipi kiwe juu na kipi kiwe chini, na kitu usichokisikia utakiweka wapi? Nikaipandisha filimbi kidogo. Nikaipandisha tena. Nyuma yangu, kwenye kochi, watoto wote wanne wakaziba masikio, na Mzee, ambaye sikuwa nimewahi kusikia neno lake, akasema "Aaa."

Kibiriti akawatuma wenzake wakanywe maji. Walipotoka akasogea mezani, akaniamkia upya ingawa alikwisha niamkia, na akalilaza daftari lake la hesabu juu ya mishale yote.

"Babu, nitapuliza au sitapuliza," akasema. "Wewe niambie tu."

Nikamwambia asinichezee, mimi nilikuwa narekodi watu kabla mama yake hajaota meno. Akasema sawa Babu, akageuka kunipa mgongo, kimfuniko chake mdomoni. Nikasema umepuliza. Akasema hapana. Nikasema basi sasa hujapuliza. Akasema amepuliza, tena kwa nguvu. Mara ya tatu nikapatia kwa kubahatisha, na wote wawili tukajua nimebahatisha. Nikapandwa na hasira, nikamfokea, nikasema daftari lake litaharibu mitambo ya watu. Alisubiri nimalize. Mtoto mwenye subira ya namna ile anatisha.

"Sisikii," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka lile neno, na lilitoka dogo. Nikamwomba asimwambie dada yangu. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, nimekula chumvi yangu ya kutosha, nambembeleza mtoto wa miaka kumi anitunzie siri. Akafikiri. Akasema akiulizwa hatasema uongo, lakini hadi sasa hakuna aliyemuuliza. Kisha akavuta kigoda akakaa kando yangu.

Tukakubaliana hivi: akinigonga kiwiko mara moja, nipandishe, mara mbili, nishushe, akinifinya, niache hapo hapo. Wiki nzima tulifanya kazi namna hiyo, na kufinya anajua yule mtoto. Tena haikuwa filimbi tu. Kwenye nyimbo za nyuma aligundua "sss" mbili, akaniuliza kwa adabu mbona nimeziweka, zina maana gani. Nikamwambia hazina maana. Tukazitoa. Moyoni niliona aibu, lakini na raha nilikuwa nayo, maana kazi ilikuwa inang'aa na mkono ulikuwa wangu.

Ijumaa dada akaja kusikiliza. Ndio utaratibu wetu: kazi haitoki mlangoni kabla yeye hajaisikiliza yote, amekaa kwenye kiti cha pembeni, tunatazamana uso kwa uso. Mkwe wake alikwisha ambiwa asipange jambo lolote Jumatatu. Watoto wakajipanga kwenye kochi na sare zao za shule, mikono juu ya magoti, kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano.

Nyimbo sita zikapita salama. Kwenye "Mbona hamkutusubiri?" dada mwenyewe aliitikia. Ukaja "Kata Tena". Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vyombo vikanyamaza. Nikaanza kutikisa kichwa kama nilivyozoea, moja, mbili, tatu, nne, kwenye la tano nikatabasamu, na hapo ndipo nikatupa jicho kwenye mshale.

Mshale ulikuwa umelala. Asubuhi nilikuwa nimeizima filimbi ili nisafishe sauti ya dramu, nikasahau kuiwasha. Safari hii kile kimya kilikuwa kimya cha watu wote. Watoto walikuwa wamekodoa macho, na Tetemeko alikwisha fungua mdomo.

Dada akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hiyo filimbi ya mwisho imenimaliza. Kali, lakini haichomi. Mdogo wangu, sikio bado unalo."

Nikamtazama dada yangu anavyotabasamu, nikaelewa. Nitasema kweli tupu: kitu cha kwanza kilichonijia ni nafuu. Kiti kimebaki changu. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, niwashe kile kitufe baadaye akishaondoka, na Jumatatu mkwe ajilalie mpaka saa nne. Mwezi mzima nilikuwa namwogopa mwanamke huyu. Halafu nikaona anatazama wapi. Hakuwa anatazama spika, wala watoto. Alikuwa ananitazama mimi usoni, ameniganda, na lile tabasamu lake lilikuwa linasubiri langu.

"Dada," nikasema, "hiyo filimbi haikulia. Niliizima asubuhi nikasahau. Na hata ingelia, nisingeisikia. Siku hizi naangalia mshale."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Nikasubiri anifukuze.

"Mimi naangalia uso wako," akasema. "Mwaka wa pili huu. Ukitabasamu, najua imekaa."

Sikujua nicheke au nilie. Mwaka wa pili mimi namtegemea yeye asikie nilichokikosa, yeye ananitegemea mimi, na kazi zote zimekuwa zikitoka mlangoni bila kusikilizwa na mtu. Ile kwaya ya watu, Mungu awape subira. Nilimshika dada yangu mkono, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu tulipomzika mama, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Nikacheka na mimi, na watoto wakatufuata bila kujua wanacheka nini.

Alipotulia akasema mkwe wake Jumatatu atakuja vilevile, lakini aje na kiti chake. Atakaa kando yangu. Yeye atasikia, sisi tutamwambia asikilize nini. Nikasema sawa, tena nikasema upesi, kabla hajabadili nia.

Nikaiwasha filimbi, tukarudia. Kwenye kochi watoto wakaziba masikio wakichekacheka. Mimi na dada tulikaa bega kwa bega tukiuangalia mshale umesimama, mapigo manane, hatusikii kitu. Ulipolala dada akageuka nyuma, akamuuliza Kibiriti inaliaje.

Kibiriti alifumba macho kwanza, akaisikiliza tena kichwani mwake.

"Inauma kidogo hapa, Bibi," akasema, akigusa nyuma ya sikio, "halafu unataka tena."

Dada akaniambia niirudishe nyuma, nikairudisha.