Penseli Pembeni mwa Ripoti

Mhadhiri wa historia alikuwa wiki ya tatu kwenye chumba cha nyaraka, akisoma ripoti za mkaguzi mmoja wa shule wa zamani, alipoona maneno mawili ya penseli, madogo kama chawa: si kweli. Yalikuwa pembeni mwa sentensi iliyosema wanafunzi wote wa shule fulani wana madawati. Akafunua ukurasa mwingine. Si kweli. Kufikia mchana alikuwa amehesabu arobaini na moja.

"Wasomaji wako wanachafua nyaraka," alimtania mtunza nyaraka.

Mzee yule akavaa miwani, akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha. "Si msomaji huyu. Tazama, tundu la kufungia faili limeikata hii k katikati. Aliandika kabla karatasi haijaingia jaladani." Akateremsha kidole hadi chini, penye herufi mbili ndogo za jina la mpiga chapa. "Huyu tulimwita Mama Radi. Akianza kugonga taipureta, jengo zima linajua. Yuko kwa bintiye, nyuma ya posta."

Mhadhiri hakungoja kesho.

Mama Radi alifungua mlango, kitambaa cha vyombo begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?"

Alipoonyeshwa nakala alicheka mpaka akashika kiuno. "Nilidhani panya wameshazila!"

"Lakini ulijuaje kwamba si kweli?"

"Dereva wa mkaguzi alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Bosi ananiletea ripoti: nimekagua shule nane. Nyumbani baba watoto ananiambia gari limeshinda gereji na bosi kashinda kitini. Kazi yangu kuchapa, nikachapa. Ila mkono uliniwasha."

"Na huyu mwalimu mkuu? Mkaguzi kamsifu kuwa mchapakazi, wewe umekataa." Juu ya uvivu wa mwalimu huyo mhadhiri alikuwa ameshatunga kichwani kurasa tatu za makala yake, tena za kujivunia.

Mama Radi akaangalia pembeni. "Ah. Huyo alikuwa mchapakazi kuliko punda. Alinichumbia mimi, akaenda kumwoa rafiki yangu."

Kurasa tatu zikaenda na maji. Mhadhiri aliona aibu kwanza, kisha hamu ikamshika upya. "Basi mama, tuyapitie yote, moja moja."

Walimaliza alasiri. Ishirini na tisa yalitoka kwa mumewe, kumi na moja kwa wazazi wa wanafunzi aliokutana nao sokoni, na moja lilitoka kwenye kidonda cha moyo.

Mkuu wa idara aliposikia alitikisa kichwa. "Achana na huyo bibi. Shahidi mwenye kinyongo si shahidi."

"Na aliyekagua shule nane bila kunyanyuka kitini, yeye ni shahidi?"

Mkuu akarudi kwenye chai yake.

Ndipo mhadhiri akaenda karakana ya serikali kuulizia madaftari ya safari za magari. Alikohoa vumbi siku mbili akayapata. Tarehe ishirini na saba zilikubaliana na maneno ya dereva: gari halikutoka. Mbili zilikataa. Siku hizo gari lilikwenda kilomita mia na arobaini, na saini ilikuwa ya dereva mwenyewe.

Alirudi nyuma ya posta akisitasita. Mtu ataanzaje kumwambia mjane jambo kama hilo? Lakini Mama Radi alimsoma usoni.

"Sema tu. Mimi si yai."

Akamwambia. "Ama alilidanganya daftari, mama, ama..."

"Ama alinidanganya mimi." Bibi alisugua kidole gumba kwenye kitambaa. Hakuonekana kukasirika. Akavuta kiti karibu na meza. "Hebu nipe tarehe zenyewe. Na mwezi. Nitakumbuka tu nilikuwa wapi."

Makala ilichelewa mwaka mzima. Ilipotoka, zile tarehe mbili zilikuwa na tanbihi yake, na tanbihi ile iliandikwa na watu wawili.