Mbwa Aliyenenepa Mwaka wa Njaa

Mwaka ule Wadachi walipokuwa wakijenga boma lao kule Arusha, mvua ilikuwa imekosa misimu miwili mfululizo, na kwenye miteremko ya Meru watu walikuwa wanakula mizizi ya migomba. Ng'ombe walishakwisha kwa sotoka miaka ya nyuma, na hata wale wachache waliobaki walishachinjwa. Nashipae wa kijiji cha Sambasha alikuwa na matumbo matatu ya kujaza: la kwake, la binti yake Sinyati wa miaka minne, na la mbwa.

Mumewe Kasaine hakuwapo. Askari walikuwa wamepita asubuhi moja wakikusanya wanaume wenye nguvu, wakaondoka nao kwenda kubeba mawe na chokaa. Kasaine alipata nafasi ya kusema maneno machache tu. Alisema jembe asiazimwe mtu. Kisha akamtazama mbwa aliyekuwa amelala jivuni, akasema, "Na Narok usimtupe."

Hakuhitaji kueleza. Narok alikuwa mbwa jike mweusi, mkubwa wa kifua, mwenye sikio moja. La pili lilibaki kinywani mwa fisi. Fisi huyo alikuwa amepenya uani na kumdaka Sinyati, wakati huo hajaanza kutembea, na Narok akamng'ang'ania mguu wa nyuma mpaka Kasaine alipofika na mkuki. Tangu siku hiyo Nashipae alikuwa akimpa Narok chakula kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa mkono ulikuwa mtupu. Kwanza alimpa maji yaliyochemshiwa mizizi. Baadaye akamkatia vipande vya ngozi kuukuu ya kulalia, mbwa akavitafuna siku nzima. Mbavu zikaanza kuhesabika. Asubuhi moja Nashipae alimkuta akilamba jiwe la jikoni, analamba tu, jiwe lisilo na chochote, na ulimi umetoka damu. Akaenda akamfungua kamba shingoni.

"Sina," alimwambia. "Nenda ukajitafutie."

Alijiambia kwamba hakumtupa. Anayemtupa mbwa humfungia mlango, na yeye aliuacha wazi. Narok alisimama kidogo, akanusa upepo, kisha akashika njia ya magharibi kuelekea korongoni. Nashipae aliiona njia aliyoishika. Watu hawakwenda upande ule ila wakiwa wamembeba mtu, kwa maana kwa desturi ya wakati ule wafu hawakuzikwa, walilazwa vichakani. Na tangu njaa ianze, ndui nayo ikafuata, njia ile ilikuwa imepanuka na kuwa nyeupe kwa kukanyagwa. Nashipae akasema moyoni: kule kuna panya. Akarudi kutwanga mizizi yake.

Siku ya tatu Narok alirudi, tumbo limejaa, akalala mpaka jua likazama. Nashipae alifurahi. Mwezi haukuisha manyoya ya mbwa yakaanza kung'aa, mgongo ukanyooka, shingo ikanenepa. Sinyati alijizoeza kulala mchana ameegemeza mgongo wake kwenye tumbo la Narok, kwa sababu ndani ya nyumba nzima hiyo ndiyo iliyokuwa nyama pekee yenye joto la kugawa.

Wa kwanza kusema alikuwa jirani yake, Naipanoi, mjane wa makamo asiye na mtoto, ambaye ndiye aliyempokea Sinyati siku ya kuzaliwa. Nyumba nzima ilimwita Koko, kama bibi.

"Mbwa wako anakula nini, mwanangu?" aliuliza, macho yake yakiwa kwenye mbwa.

"Panya, Koko."

"Panya tulishawamaliza sisi."

Naipanoi akaishia hapo, akarudi kwake.

Wengine hawakuwa wapole kiasi hicho. Siku chache baadaye alikuja mzee Simel na wanaume wawili waliobaki kwa sababu ya uzee. Simel alikuwa amepoteza wajukuu wawili ndani ya mwezi ule, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa njaa. Nashipae akainama, akasalimu, "Takwenya," mzee akaitikia "Iko" haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi.

"Tumekuja kutazama ndani," alisema.

"Mtazame nini, papa?"

"Watoto wanakufa na mbwa wako ananenepa. Anayemlisha mbwa ana akiba."

Nashipae akasogea mlangoni, akawapisha. Waliinua ngozi za kulalia. Walichokoa dari kwa fimbo. Walifukua majivu, wakafukua mpaka chini ya mafiga, wakanusa kibuyu baada ya kibuyu. Sinyati alikaa kimya kwenye kona, miguu myembamba kama vijiti vya kupekechea moto, akiwatazama. Hawakupata kitu ila kipande cha mzizi wa mgomba kilichotafunwa nusu.

Simel alitoka, akasimama uani akihema. Alimtazama mtoto, akamtazama mbwa. Narok alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka njia ya magharibi, mdomo umelowa, anatikisa mkia. Wale wazee walitazamana. Mmoja wao akarudi nyuma hatua mbili, akajifunika pua kwa shuka. Simel mwenyewe alikuwa amewapeleka wajukuu wake kwenye njia ile ile siku tisa nyuma.

Aliokota fimbo yake. Kisha akageuka, akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Jioni hiyo, jua bado lipo, Nashipae alikwenda kwa Naipanoi, akakaa kizingitini.

"Koko, ulijua?"

"Nilijua. Na wewe ulijua."

"Nifanyeje?"

"Mfunge."

"Nikimfunga nimlishe nini?"

"Basi muue."

"Alimtoa mwanangu kinywani mwa fisi."

Naipanoi alifikicha magoti yake kwa muda. "Mwanangu, humlishi, humfungi, humuui. Basi usiseme una mbwa. Sema yuko mbwa anayejua njia ya kwako."

Maneno yale yalimchoma. Kesho yake alimfunga Narok kwenye nguzo, akagawa mzizi wake mwenyewe sehemu mbili, akaweka moja mbele ya mbwa. Narok aliunusa. Kisha, taratibu, akageuza uso pembeni. Nashipae akausogeza karibu zaidi, mbwa akageuza tena. Mbwa yule yule aliyekuwa akilamba jiwe. Nashipae aliuokota mzizi, akaufuta vumbi, akaula yeye.

Siku nne Narok alikaa kwenye kamba, halii, habweki, uso ameuelekeza magharibi. Siku ya tano kamba ilikutwa imetafunwa. Nashipae aliishika ile ncha yenye mate, akaitazama, akaitundika ukutani. Hakuiunga.

Kisha Naipanoi akashikwa na homa, na baada ya homa vipele vikatoka usoni na mikononi. Watu walikoma kupita mbele ya nyumba yake. Nashipae aliugua ndui utotoni na alikuwa na makovu yake, hakuiogopa, kwa hiyo kila asubuhi alimpelekea maji. Asubuhi ya kwanza alimkuta Narok mlangoni kwa Naipanoi. Alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu ya mbele, macho ndani ya nyumba.

Alimfukuza kwa jiwe. Mbwa alisogea hatua kumi, akalala tena.

"Ni nani huyo nje?" Naipanoi aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Ni mimi, Koko."

"Wewe nakujua. Namuuliza yule anayepumua."

Nashipae alimsogezea maji.

"Yupo tangu jana," Naipanoi alisema. "Hakuja kunisalimu, mwanangu. Anangoja."

Nashipae alimburuta Narok mpaka kwake, akamfungia nyuma ya mlango. Kufika adhuhuri alikuwa amechimba chini ya ukuta na amerudi pale pale. Ikawa hivyo siku baada ya siku: yeye anamtoa, mbwa anarudi, hana hasira, hang'ati, kila akimwona Nashipae anatikisa mkia kama siku zote. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Angekuwa amepata kichaa, wangejua la kufanya. Lakini alikuwa Narok yule yule, mtulivu, mwenye subira, aliyejifunza kazi mpya kwa kuwa ile ya zamani haikuwa na malipo.

Asubuhi ya kumi na moja Nashipae alifika na kibuyu cha maji akakuta mlangoni hapana mbwa. Akaweka kibuyu chini. Akaita, "Koko?" akiwa na hakika hataitikiwa.

"Ingia," alisema Naipanoi. "Na ulete hayo maji, nina kiu ya kweli."

Alikuwa ameketi. Vipele vilikuwa vimekauka na kuanza kudondoka, na uso ulikuwa umeharibika, lakini macho yalikuwa ya mtu anayeishi. Nashipae alicheka, akalia, akamnywesha. "Amekata tamaa," alisema. "Ameondoka."

Naipanoi aliacha kunywa. "Ameondoka kwenda wapi?"

Nashipae alirudi kwake mbio. Jua lilikuwa limekwisha panda. Narok alikuwa kizingitini kwake, kidevu juu ya miguu ya mbele, ametazama ndani. Na ndani, Sinyati alikuwa bado amelala, saa ambazo siku zote huwa ameshaamka anaomba chakula. Nashipae alipomwekea kiganja kwenye paji la uso, alikiondoa upesi kama aliyegusa chungu kilicho motoni.

Maisha yake yote yaliyobaki hakujua ni nani aliyeileta ndui ile ndani ya nyumba. Huenda ni mbwa, katika manyoya ambayo mtoto alikuwa akiyaegemea. Huenda ni yeye mwenyewe, katika mikono iliyomnywesha Naipanoi. Siku ile hakuwa na nafasi ya kujiuliza. Alimfunika mtoto. Akachukua uji mwembamba wa mizizi aliokuwa amemwekea, akamimina nusu kwenye kigae, akatoka nao uani.

"Narok, njoo."

Mbwa aliinuka. Alimfuata mpaka nyuma ya migomba iliyokauka. Nashipae aliweka kigae chini, na safari hii Narok hakugeuza uso. Labda ni harufu ya uji, labda ni mkono uliouweka. Aliinamisha kichwa, akaanza kulamba. Rungu la Kasaine, ambalo mwanamke hakupaswa kulishika, lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilinyanyua kwa mikono miwili. Alipiga mara moja, na mara ya pili kwa ajili ya hakika.

Simel alimkuta anachimba kwa jembe. Mzee alikuwa ametumwa na Naipanoi, aliyemwita kwa sauti kutoka mlangoni kwake, kwa kuwa hakuweza bado kutembea.

"Unamchimbia mbwa?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Watu hawachimbiwi mwaka huu. Wala mwaka mwingine wowote."

"Nikimwacha, watakuja mbwa wengine, waonje, wajue njia ya hapa. Sitaki mwingine aijue."

Simel alimtazama mbwa, kisha mlango wa nyumba ambamo mtoto alikuwa anakohoa. Alikuwa na sababu ya kumtemea mate mnyama yule, na sababu ya kumtemea mate mwenye mnyama. Aliketi chini. Baada ya muda akaokota kijiti, akaanza kulegeza udongo upande wake. Walichimba pamoja mpaka shimo likafika kiunoni.

Sinyati aliugua siku kumi na tisa. Naipanoi, aliyeweza sasa kutembea kwa kushika ukuta, alihamia pale, wakapokezana kumshika mikono asijikune. Kuna siku pumzi ilikuwa ndogo hata Nashipae akaanza kukunja ngozi ya kumbebea kumpeleka magharibi, Naipanoi akamnyang'anya, akaikalia. Mtoto alipona. Uso wake ulibaki na vishimo, na jicho la kushoto likafunikwa na ukungu mweupe usioondoka.

Aliuliza habari za Narok kabla hata hajaomba chakula.

"Nilimuua," mama yake alisema.

"Alifanya nini?"

"Alikuwa na njaa, nami sikuwa na cha kumpa."

Sinyati aligeukia ukutani na hakuongea mpaka kesho yake.

Mvua ilirudi mwisho wa mwaka, na Kasaine akarudi nayo, bega moja limeshuka kwa mawe. Nashipae alimweleza yote kabla hajaketi, tangu kamba hadi rungu. Kasaine alimchukua mtoto magotini, akaligeuza lile jicho kwenye mwanga, akalitazama kwa muda mrefu.

"Ungemuua siku ile ulipokosa cha kumpa," alisema.

"Najua."

"Ningekuwepo ningemuua mimi."

"Hukuwepo, baba Sinyati. Kumlisha sikuweza, kumuua sikuweza. Nikamfungua, nikasema ni huruma."

Hawakulizungumza tena. Mwaka uliofuata maharage yalikubali, na jike la mbwa wa ukoo mmoja wa jirani likazaa. Simel alileta mtoto mmoja wa mbwa, wa kahawia, ndani ya kapu. Sinyati alimtoa, akamweka kifuani, na yule mdogo akamlamba shavu lenye vishimo. Nashipae aliingia ndani, akafunua kibuyu cha maziwa ya mbuzi wao wa pekee, akakitikisa kukisikiliza. Akatoka, akamtoa mbwa mikononi mwa binti yake, akamrudisha kapuni.

"Bado, papa," alimwambia Simel. "Umpe mwenye maziwa."

Sinyati alilia mchana kutwa. Nashipae alimwacha alie, akaenda kupalilia maharage.