Kiputo Kilipokaa Katikati

Maneno yalimfikia mama kwa mshona nguo, alipokwenda kupunguza gauni jeusi lililokuwa limeanza kumpwaya. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma ya pazia akijaribu sketi, asijue nani kaingia, alisema kwamba risasi ile haikukosa, ilifika ilikotumwa. Mshona nguo akakohoa. Cherehani ikaenda mbio ingawa hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Mama akaliweka gauni mezani, akataja vipimo vyake, akatoka na sentensi ile imemganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Alijaribu kuing'oa. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akapanga upya kabati lisilo na kitu. Lakini uvumi ni moshi. Ukiufungia dirisha, utapenya chini ya mlango. Tena huu ulikuwa na miguu ya kusimamia. Wanawe wawili walikuwa walinzi wa mashamba, kazi yao kuwafukuza nguruwe mwitu. Mkubwa alikuwa mbioni kufanywa kiongozi wa walinzi. Mdogo, waliyemwita Bega kwa sababu bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka tangu utotoni, alibaki palepale. Siku ya msiba dume la nguruwe lilimwangusha mkubwa kwenye mabua ya mahindi, upande wa pili wa bonde, na lilikuwa likimchana. Bega alikuwa kilimani na bunduki, umbali wa hatua mia sita. Wavunaji waliokuwa karibu naye waliapa kwamba alilenga, kisha akangoja. Pumzi nne nzima. Ndipo akafyatua, na risasi ikapita pembeni ya mnyama kwa upana wa shubiri, ikamkuta kaka yake.

Alingoja nini?

Mama hakumuuliza. Kwa wiki sita walikula meza moja, na kila alipompakulia, macho yake yaliteleza hadi kwenye kidole cha shahada cha mwanawe. Yeye aliyemzaa alimtazama kwa jicho la jirani. Jumatatu moja Bega akamwambia, huku akimenya kitunguu, kwamba amepata kazi ya ulinzi wa msitu mbali sana, na kwamba ataondoka Ijumaa. Mama akasema vizuri. Usiku mzima hakulala.

Jumatano akaenda kwa fundi bunduki.

Uchunguzi ulikuwa umesema ni ajali, na bunduki ikarudishwa. Sasa ilikuwa kwa fundi ikingoja mnunuzi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi nyuma ya kichwa. Alimvutia mama kiti, akapangusa vumbi la chuma kwa kiwiko, wala hakumuuliza amefuata nini. Mama ndiye aliyeinyooshea bunduki kidole, akataka kujua kile kipande kidogo kilichokumbatia bomba la darubini, chenye kioo na maji ya kijani.

Fundi akamweleza kwamba ni pimamaji, ndugu wa ile ya waashi. Mtu akilenga mbali sana na bunduki imeinama upande, risasi nayo huenda upande. Kwa hiyo hutazama kiputo, na kikikaa katikati ya mistari miwili ndipo anapofyatua. Kilinunuliwa na marehemu. Alikuja mara tatu kuchagua. Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, cha kubandikwa kwa gundi, akakikataa. Cha pili kilikaa nyuma mno, mlengaji hakioni mpaka ainue shavu. Hicho nacho akakirudisha. Mwisho akachukua hiki cha chuma, chenye pete na skrubu mbili, kinachokaa kushoto ili jicho la kulia libaki kwenye darubini huku la kushoto likiona kiputo.

"Aliniambia ni zawadi ya mdogo wake," fundi alisema. "Eti bunduki humlalia begani. Eti mdogo wake hata akisimama mlangoni, nyumba nzima huonekana imepinda."

Mama akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika, naye akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo siku ile alikuwa anangoja…"

"Kiputo, dada. Mkono ukitetemeka hakikai upesi."

Kitu kikalegea kifuani mwake, kama fundo la kamba lililolowa likipata kucha. Alitaka kuinuka, akimbie nyumbani, apige magoti. Lakini swali lilikuwa limebaki limekaa pale pale, nalo halikuwa na haraka. Kama alingoja mpaka kikakaa katikati, mbona alikosa?

Fundi alikiri kwamba hakuwahi kukijaribu. Wachunguzi walipiga shabaha ya hatua mia moja, ikalenga sawa, wakaridhika. Akatundika timazi kwenye ukuta wa mwisho wa ua, uzi mweupe na kipande cha risasi ya kuvulia chini yake. Akaibana bunduki kwenye jiriwa, akaigeuza taratibu hadi kiputo kikatulia katikati, kisha akamwita mama achungulie.

Aliuona uzi. Aliuona pia mstari wa msalaba wa darubini, mweusi, mwembamba. Havikulingana. Vilikatana kama mkasi ulioachwa wazi kidogo.

Fundi naye akachungulia. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayefunua kidonda cha mwingine, "Chombo hiki hakijui kitu. Hukifundisha wewe siku ya kukifunga. Walikifunga bunduki ikiwa imeinama, nacho kikashika kwamba huko ndiko kunyooka. Kwa hatua mia moja huwezi kuona kosa. Kwa mia sita…" Akapanua kiganja, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, na hakumaliza. "Walikifungia wapi?"

Walikifungia jikoni. Mama alijua hata kabla swali halijaisha.

Sakafu ya jikoni ilimwagwa kwa mteremko ili maji ya kuoshea yajitokee yenyewe mlangoni, na kwa hiyo miguu miwili ya meza hukaa juu ya kabari za mbao, unene wa vidole viwili. Asubuhi ya kukifunga, siku moja kabla ya msiba, alikuwa amepiga deki, akazitoa kabari na kuzianika dirishani. Wanawe wakaingia na kiboksi kipya, wamefurahi kama watoto waliopewa kifaranga, wakasukuma bakuli la nyanya pembeni. Yeye alikuwa anakoroga sufuria. Bega ndiye aliyeuliza, mama, hii meza imenyooka? Akajibu iko sawa. Hakugeuka.

Alimkuta Bega chumbani akikunja mashati.

"Kabari hazikuwepo," alisema.

"Kabari gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Za meza. Siku mliyofunga kile kipimo. Nilikuwa nimezitoa."

Bega akalilaza shati juu ya mengine, akalisawazisha kola. "Najua."

Mama akashika ubao wa kitanda.

"Tulipotoka makaburini nilizikuta dirishani," Bega alisema. "Nikazirudisha kabla hujaingia jikoni. Sikutaka uzione."

"Na watu wanavyokusema?"

"Waache waseme. Mimi nina miguu ya kuondokea. Wewe utakwenda wapi?"

Alitaka kumwambia kwamba kwa wiki sita na yeye aliamini. Kabla hajasema, Bega, ambaye alimjua tangu kabla ya kujua jina lake mwenyewe, akamtazama mara moja tu.

"Hilo nalo najua," alisema, akachukua shati lingine.

Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. Laiti ungekuwapo, mama angepata pa kushika.

Ijumaa akaondoka. Mama alirudi kutoka kituoni, akachana karatasi katikati ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia shule ya msingi. Fundi aliisoma amesimama. Akamuuliza kama ana hakika na mstari wa mwisho, maana mlangoni pake hupita walinzi wote na nusu ya wavunaji. Mama akampa misumari minne.

UNAPOFUNGA PIMAMAJI KWENYE DARUBINI YA BUNDUKI, EPUKA HAYA

Usinunue cha kubandika kwa gundi. Jua hukisogeza.

Usinunue kinachokufanya uinue shavu ili ukione.

Usichukue pete kubwa kuliko bomba ukaijazia karatasi.

Usikaze skrubu kwa nguvu zote. Bomba hubonyea.

Usikifunge kabla hujalinganisha mstari wa darubini na uzi wa timazi.

Usikiamini kwa sababu umelenga vizuri karibu. Jaribu mbali, mahali pasipo mtu.

Usifungie kwenye meza ya jikoni.

Usimuulize mtu aliyekupa mgongo kama meza imenyooka, hata akiwa mama yako. Wanangu waliniuliza. Nilijibu iko sawa, sikugeuka. Aliyefyatua alifanya kila kitu kama alivyofundishwa.