Vidole Viwili Upande wa Kushoto

Watu wana midomo. Ukinunua sufuria hakuna anayekuuliza, lakini mwanamke wa miaka arobaini na tisa akisema anataka pikipiki kubwa, kila mtu anageuka mtaalamu. Dada yake alimshauri atafute gari dogo. Shemeji yake, ambaye hajawahi kuendesha kitu kizito kuliko baiskeli, alisema pikipiki kubwa zinataka mtu mwenye kifua. Jirani yeye aliuliza tu kama mume amekubali. Bi Sindano, kama alivyoitwa mtaa mzima, aliwajibu wote kwa tabasamu, na moyoni akawaita majina ambayo hayaandikiki.

Alikuwa fundi wa siti za pikipiki. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa katika kijiduka chenye cherehani mbili, akikata sponji na kuvuta reksini, ile ngozi ya bandia, mpaka vidole vikaota sugu, ili makalio ya watu wengine yastarehe. Yeye mwenyewe alikuwa na pikipiki ndogo kuukuu ambayo siti yake ilikuwa imepasuka, sponji imelala, gundi imepakwa juu ya gundi. Mganga hajigangi. Kila wiki aliiendesha hadi mji wa pili kuchukua mzigo, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, magoti yakimkaribia kidevu, na akishuka ilibidi ashike ukuta kwanza ndipo anyooke. Daktari hakuzungukazunguka. Abadilishe chombo, la sivyo mgongo utamshusha kwa nguvu. Na Bi Sindano asipoendesha hapati sponji, na asipopata sponji hana kazi.

Alichotaka alikijua. Alitaka kruza: siti iliyo chini kiasi kwamba ukisimama nyayo zote mbili zinakanyaga ardhi, vikanyagio vilivyosogezwa mbele ili goti lipumue, na usukani unaokufuata ulipo badala ya wewe kuinama kuufuata. Hakutaka mbio wala kelele. Alitaka kukaa, basi, akae kama mtu.

Lakini nenda ukamweleze muuzaji. Katika duka la kwanza walimwonyesha skuta yenye kikapu mbele, wakamwambia hiyo ndiyo saizi yake. Katika duka la pili walikuwa na kruza kweli, ila injini ilimchoma paja la kulia dakika ya tatu tu, na siti ilikuwa ngumu kiasi kwamba aliibonyeza kwa kidole gumba na kidole ndicho kilichorudi. Alipolisema hilo, muuzaji alicheka akamwambia mama, siti huzoeleka. Siti huzoeleka! Miaka ishirini na miwili anawatibu watu siti walizoambiwa huzoeleka, leo anakuja mtoto wa juzi kumfundisha.

Duka la tatu alikwenda Jumamosi asubuhi na mumewe, ambaye ni fundi saa, mtu mpole, na maishani mwake kwenye pikipiki hajawahi kuwa chochote ila abiria. Alikuwa amekuja kubeba kofia. Muuzaji, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likakata, aliwaona wanaingia akampita Bi Sindano kama anayepita nguzo, akampa fundi saa mkono wa heshima, akamwita mzee, akamtia ufunguo kiganjani. Kisha akaanza kumweleza habari za gia.

Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zile. Halafu akamkabidhi mkewe ufunguo.

"Mweleze huyu," akasema. "Mimi hukaa nyuma."

Muuzaji hakuona hata haya. Aligeuka, akabadilisha sauti ile ya kuelezea ikawa ile ya kubembelezea watoto, akawapeleka kwenye kruza moja ya rangi ya zambarau iliyoiva, imefutwa mpaka unajiona sura kwenye tenki. Alisema imetumika, lakini mwenye nayo alikuwa akiifuta kuliko kuiendesha. Haijawahi kuanguka. Na siti, mama, siti ni ileile ya kiwandani, haijaguswa na mkono wa mtu.

Bi Sindano alivuta mguu akapanda.

Hapo hasira zote za wiki tatu zikamtoka kwa mpigo. Mgongo ulinyooka wenyewe. Nyayo zilikanyaga sakafu, nyonga zikatua, kile kifupa cha chini kabisa ambacho humwamsha alfajiri kikapata mahali pake kikanyamaza. Alishika usukani, viwiko vikalegea. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka mumewe akaweka kofia chini, akamtazama, akacheka kidogo, maana alikuwa hajamwona mkewe akikaa bila kukunja uso tangu mwaka uliopita. Karibu yao walikuwepo mume na mke waliokuwa wakiingoja pikipiki ileile: mkaguzi wa shule, aliyechoka na kapikipiki kake ka kuzungukia shule za mbali, na mkewe ambaye angekaa nyuma. Walikwisha kuijaribu na kuipenda, na mkaguzi alisema waziwazi kwamba kama mama hataichukua, yeye anailipia sasa hivi.

"Hanyanyuki mtu hapa," Bi Sindano akamwambia mumewe. "Nimefika."

Na mkono wake, kwa mazoea tu, ukashuka chini ya pindo la siti kwa nyuma, kule fundi hupapasa kuona mwenzake amemalizia vipi. Vidole vikakuta mishono mitano iliyokaribiana, na baada ya wa tano fundo lililorudishwa ndani. Alishuka akainama kutazama. Uzi ulikuwa mwekundu.

Aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa amemwambia fundi asiyeacha alama yake ana jambo analolikimbia. Kwa hiyo kila siti iliyopita mezani kwake Bi Sindano aliifunga kwa mishono mitano myekundu, mahali pasipoonekana. Siti ya kiwandani, eti. Haijaguswa na mkono wa mtu. Damu ilimpanda tena, safari hii na kicheko ndani yake, maana mwongo alikuwa anamuuzia fundi kazi yake mwenyewe. Alifungua kinywa ili amvue nguo hadharani.

Kisha akakumbuka siti yenyewe, akakifunga.

Siti huletwa peke yake. Ndiyo desturi ya kazi hiyo: mtu anaifungua nyumbani, anaibeba kwapani, anaiacha dukani, na fundi haioni pikipiki. Miaka mitatu nyuma mwenye malori mmoja alileta siti pana ya kruza, akasema alianguka nayo, fremu ya nyuma imeinama kushoto, akikaa anaelea upande kama mlevi. Bi Sindano alimwambia apeleke fremu kwa wachomeleaji wanyooshe. Yule bwana akasema amechoka na mafundi, amnyanyulie tu vidole viwili upande wa kushoto. Naye akamnyanyulia. Alikata kabari ya sponji ngumu, akaipunguza taratibu kuelekea katikati, akavuta reksini juu yake hata jicho lisingejua. Alijivunia siti ile. Aliwaonyesha watu waliokuja dukani kabla haijachukuliwa.

Akabonyeza kushoto kwa kidole gumba. Pagumu. Akabonyeza kulia. Palizama.

"Pikipiki hii iliwahi kuanguka?" aliuliza.

Muuzaji akasema hata siku moja. Alisema bila kupepesa macho, na Bi Sindano akatamani kumpiga kofi, na papo hapo hakujua kofi la kwanza lingemstahili nani. Kuanguka kulikuwa kumefichwa, ndiyo, lakini aliyeficha hakuwa huyu wa shati la pasi. Rangi mpya mtu angeikwaruza akaona. Fremu iliyopinda mtu angeihisi akikaa, angeelea upande, angeshtuka. Asingeshtuka kwa sababu chini yake palikuwa na kabari ya Bi Sindano ikimwambia kila kitu kiko sawa.

Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemjua pale. Angesema rangi haikumpendeza, angemshika mumewe mkono, na jina lake lingebaki safi mtaani kama lilivyokuwa asubuhi. Lakini mkaguzi, kwa kumwona ameshuka, alikuwa ameshatoa pochi, na mkewe alikuwa ameshapanda nyuma, anajisogezasogeza kwa raha, anamwambia mumewe kwamba hapa hata akilala hataanguka.

"Kaka, usilipe," Bi Sindano akasema. "Dada yangu, shuka hapo."

Muuzaji akauliza kuna nini tena. Bi Sindano hakumjibu. Alitoa mkobani kile kiwembe chake cha kufumulia nyuzi, akaingiza mkono chini ya pindo, na kabla mtu hajamzuia akakata mishono mitano, akafuata pindo lote la upande, akaikunja reksini juu. Muuzaji alipiga kelele kwamba mama ameharibu mali ya watu na ataita polisi. Fundi saa, mtu mpole, alisogea akasimama katikati yao wawili, akiwa na kofia mbili mikononi.

Kabari ilikuwa pale, ya njano juu ya sponji nyeusi, vidole viwili kamili. Bi Sindano aliing'oa akaiweka sakafuni. Akamwomba mkaguzi akae sasa. Mkaguzi akakaa, akaelea kushoto, akashika usukani haraka. Bi Sindano akamwambia achungulie chini, atazame fremu inapokutana na gurudumu la nyuma, na mkaguzi akachungulia. Alipoinuka alikuwa amekunja uso. Pikipiki ya namna hiyo kwenye kona, na mtu nyuma, hakuhitaji kuelezwa.

Basi muuzaji akageuka. Hujawahi kuona mtu anageuka upesi vile. Alishika kichwa, akasema jamani, na yeye ameuziwa hivihivi, ametapeliwa kama wao. Akaokota ile kabari akaiinua juu kama shahidi mahakamani.

"Fundi aliyefanya hii ndiye muuaji," akasema. "Nikimjua tu, namfikisha pabaya."

Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Mkewe alikuwa bado amekumbatia kofia yake.

"Hana utu," akasema polepole. "Alijua kuna mtu atakaa hapa."

Wote watatu walikuwa wamekubaliana, na kosa lilikuwa la mtu asiyekuwepo. Ilibaki Bi Sindano aitikie tu. Aliona jinsi ingekuwa rahisi, na urahisi huo ndio uliomkasirisha kuliko skuta na ufunguo na shemeji, wote wakiwekwa pamoja.

"Fundi huyo ni mimi," akasema. "Uzi mwekundu ni wangu. Niliambiwa fremu imepinda, nikashona."

Muuzaji aliishusha kabari. Mkaguzi alirudisha pochi mfukoni na kutazama pembeni, kama mtu aliyemkuta mwenzake bafuni. Hakuna aliyemshukuru, na Bi Sindano hakutegemea. Mke wa mkaguzi alimtazama usoni, bila ukali, kama anayetaka kujua kweli.

"Na nyingine ni ngapi?"

Bi Sindano alirudisha kiwembe mkobani.

Walirudi nyumbani kwa pikipiki ndogo, yeye mbele na mumewe nyuma, magoti kidevuni. Siti iliyopasuka ilimfinya palepale inapomfinya siku zote. Fundi saa aliuliza mgongo unaendeleaje, naye akasema asimuulize habari za mgongo. Alikuwa akihesabu. Nyingi zilikuwa kazi za haki, siti zilizolala tu, siti zilizochanika. Lakini ni wangapi walioleta siti kwapani wakasema ninyanyulie kidogo hapa, naye akanyanyua, akafunga uzi, akasema karibu tena? Alikumbuka mmoja wa mwaka jana. Akakumbuka wawili. Halafu sura zikachanganyikana, maana yeye alikuwa hatazami sura, alikuwa anatazama siti.

Kwenye taa nyekundu pikipiki moja ilisimama kando yao. Mwendeshaji alikuwa amembeba mwanamke mwenye mfuko wa shule wa mtoto mapajani. Bi Sindano alizima injini, akainama mpaka kifupa kile cha chini kikapiga kelele, akachungulia chini ya pindo la siti yao.

Mishono mitano.

Taa ilikuwa inageuka, na magari ya nyuma yalishaanza kupiga honi. Alinyoosha mkono akamgusa mwendeshaji begani.

"Samahani, ndugu," akasema. "Pikipiki yako iliwahi kuanguka?"